Uko Kule, Upo Pale

"Siku ya arobaini," kilisema kishanga shingoni mwa Halkano Sora. "Sauti moja haijahamishwa kwenye ramani. Itafutwa leo saa kumi alasiri."

Halkano alikifunika upesi kwa kiganja kama mtu anayemziba mtoto mdomo mbele ya wageni. Wageni wenyewe hawakuwepo. Kwenye kibaraza cha ofisi alikuwa yeye, kikombe chake cha chai ya maziwa ya ngamia, na mbuzi wa jirani aliyekuwa akitafuna katoni. Hata hivyo alimtazama yule mbuzi kwa wasiwasi. Mtu mwenye neno moyoni humwogopa hata mbuzi.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Walimaanisha kwamba siku hiyo hukamatwa. Huku kwenye Jimbo la Jangwa wahandisi walikuwa wameupindua msemo bila kujua: kishanga kilihifadhi sauti ya shahidi kwa siku arobaini, halafu kikaifuta yakabaki maandishi peke yake. Mwizi wa huku akivumilia arobaini zake anatoka mweupe kama pamba.

Simu ililia. Alikuwa Bwana Shekue, msimamizi wa ramani, mtu wa Lamu ambaye miaka kumi na mmoja ya vumbi la Dabelo haikumtoa pwani ulimini.

"Upo, Halkano?"

"Niko, bwana."

"Umeona watoto wa shule leo? Wamevua barakoa! Ukuta wa magharibi umeshika. Nyuzi za kile kitalu chako, kijana, zimezaa mara sita. Sasa sikiliza. Wale kina mama wa Mlima Bada wamegoma. Mwezi mzima hakuna hata mmoja aliyesema neno la uyoga. Wewe ni wa kwao, panda ukaongee nao."

"Leo, bwana?"

"Leo hii. Na uvae ile kofia."

Kofia yenyewe, ya buluu na nembo ya ramani kwa uzi wa dhahabu, ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Alipewa mbele ya ofisi nzima, kwa makofi. Hakuwahi kuivaa. Siku ile pia aliiacha palepale msumarini, akawasha pikipiki.

*

Kabla hajafika mlimani, tueleze kazi yake, maana bila kazi hiyo aibu hii isingepatikana.

Uyoga-sega huota Mlima Bada chini ya miti ya mitarakwa, mahali ukungu unapokaa. Kichwa chake kina vishimo vishimo mithili ya sega la asali. Nyuzi zake za chini ya ardhi zikikuzwa kwenye matangi na kumwagwa jangwani hushona mchanga chembe kwa chembe, na mchanga ulioshonwa haupeperuki; ndio ukuta wenyewe. Dabelo palikuwa mji wa kikohozi. Watu walizaliwa wakikohoa na kuzikwa wakikoholewa. Tangu nyuzi zianze kumwagwa, upande mmoja wa mji ulikuwa unapumua.

Shida ilikuwa kuuona. Uyoga-sega husimama siku tatu tu, na rangi yake ni ya jani lililokufa. Ndege zisizo na rubani zilirushwa misimu miwili zikaleta picha elfu tisa za majani makavu na moja ya kiatu. Waliouona ni wanawake wa Bada, walioanza kuuchuma wakiwa mgongoni mwa mama zao, na wanawake wa Bada hawabebi vyombo vya watu. Wao huongea. Ndipo kikatengenezwa kishanga, kivaliwe na mwandishi kama Halkano, kinachosikiliza maongezi na kuchora duara kwenye ramani.

Siri ya duara ilikuwa silabi moja. Shahidi akisema uyoga *uko*, kishanga kilichora duara la kilomita nne, kwa kuwa mahali hapajulikani vizuri. Akisema *umo*, duara lilibana likawa la bonde au pango. Akisema *upo*, lilikuwa la hatua moja. Na duara la hatua moja liliwaamsha siafu, zile mashine za miguu sita zinazochimba kitalu kizima, uyoga na nyuzi zake, kwa asubuhi moja. Chini ya neno lililoandikwa, ramani iliweka majina mawili mbele ya jimbo zima: la shahidi aliyesema na la mwandishi aliyethibitisha.

"Sarufi tu hiyo," Bwana Shekue alipenda kusema. "Darasa la tano."

Lakini darasa la tano la Lamu silo la Bada. Bara huku kila kitu ni *ko*. Mtu anaulizwa "Uko?" anajibu "Niko," hata kama amekukalia mguu. Na wanawake wa Bada *po* walikuwa nayo, ila waliitunza kwa jambo moja. Binti akizaa mtoto wa kwanza, alipelekwa mlimani na mwanamke aliyemchagua, akaonyeshwa kitalu, akaambiwa kwa mdomo: "Upo pale." Kuanzia siku hiyo kitalu ni chake. Aliyetoa hachumi tena hapo, wala haitamki *po* ile mara ya pili hata mbele ya mumewe. Ndiyo iliyokuwa hati yao.

Halkano aliyajua haya yote. Wahandisi wangeweza kujitetea kwamba hawakujua. Yeye, mwana wa Bada, alijua.

*

Nyumbani kwa Akko Dhaki nyasi zilikuwa zimeota njiani. Jambo hilo ndilo aliloliona kwanza. Akko, yaani bibi, alikuwa dada wa nyanya yake. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na njia ya kwake haikuwahi kupata nafasi ya kuota nyasi. Wanawake walikuwa wakipishana hapo tangu alfajiri, huyu na chumvi, yule na umbea.

"Uko?" sauti ilimuuliza kutoka ndani.

"Niko, Akko."

"Ingia. Umekonda. Hawakupi chakula huko?"

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mtungi wa plastiki mtupu kando yake. Alikuwa amekonda kuliko yeye.

"Mbona mtungi mtupu saa hizi, Akko?"

Midomo ya mzee ilicheza bila sauti, ikayapitia maneno kwanza, ndipo akayatoa.

"Mimi nachota mwisho. Wao wakishaondoka."

"Nani amesema?"

"Hakuna aliyesema. Wananyamaza tu nikifika. Basi nangoja." Midomo ikacheza tena. "Ulisikia ya kitalu cha Gumato?"

Halkano alitazama majivu ya jiko.

"Kile cha mitarakwa mitatu, nyuma ya jiwe lenye sikio. Mimi ndiye nilimpa, mwaka ule alizaa Darmi. Sasa Darmi mwenyewe amezaa, Gumato amepanda kumchumia wa supu ya uzazi. Hakukuta uyoga, hakukuta miti. Shimo, Halkano! Shimo ningeweza kulala ndani. Mwanawe yule wa shule akafungua ramani, akamsomea jina langu. Dhaki Elema, amesema *upo*."

"Akko..."

"Ngoja. Nimefikiri sana. Siku ile ulipokuja tuliongea, si ndiyo? Nilikukumbusha vile nilikubeba mgongoni mpaka huko, ukanikojolea." Alicheka kidogo, kisha akajikanya. "Nakumbuka nilisema *uko kule*. Lakini mashine haina sababu ya kunisingizia. Labda nilisema ile nyingine. Ulimi hauna mfupa, na wangu umezeeka. Ndiyo maana sasa kila neno nalisema kichwani kwanza."

Hapo ndipo pa kusema. Msomaji anapaona, Halkano alipaona, hata yule mbuzi wa ofisini angepaona. Alifungua mdomo. Na mzee, alipouona mdomo umefunguka, alidhani ni njaa. Akainuka, akafungua kopo la bati, akatoa vipande vitatu vya uyoga-sega mkavu wa mwaka uliopita.

"Vimebaki hivi. Nilikuwa nakuwekea."

Akavipika kwa samli. Halkano akala, vyote vitatu, huku Akko akimtazama na kutikisa kichwa kwa furaha. Baadaye, kila alipoihesabu dhambi yake, ile silabi alikuwa akiiweka ya pili. Ya kwanza ilikuwa sahani ile.

*

Nje, nyuma ya boma la mbuzi, alikibonyeza kishanga akakiweka sikioni.

Kwanza kilicheka kicheko cha Akko Dhaki, cha siku arobaini zilizopita, kicheko cha mtu asiyepima neno. "...ukanikojolea wewe, mgongo wote! Uko kule, nyuma ya jiwe lenye sikio, kwa mitarakwa mitatu. Uko tu." Kisha nyayo za Halkano mwenyewe zikiteremka mlima. Kisha kishanga: "Shahidi amesema *uko*, lakini ametaja alama. Mwandishi athibitishe neno la shahidi. *Uko*, au *upo*?" Kisha ndege fulani. Kisha sauti ya kiume, nyepesi, yenye kujipenda:

"Upo."

Alikuwa akijiambia kwamba hakufikiri. Uongo huo nao tuuvue nguo: alifikiri. Msimu ule hakuna mwandishi aliyepata *po* hata moja jimbo zima, na yeye aliijua njia ya kwenda kwenye lile jiwe kwa miguu yake. Alifikiria jina lake likiwa juu ya orodha. Alifikiria makofi. Watoto wa Dabelo aliwafikiria pia, lakini baadaye, alipohitaji sababu.

Akampigia Bwana Shekue, akamweleza yote.

"Herufi moja," Shekue alisema. "K na P. Wewe unajua sheria. Neno la uongo likithibitika, maandishi yote ya mwandishi husimamishwa. Unayo mangapi?"

"Mia mbili na kumi na manne."

"Nusu ya mlima! Yakaguliwe upya moja moja, na mkaguzi hawezi kuona kitu mpaka ukungu urudi. Miezi minane, Halkano. Ukuta wa magharibi tumeufunga, haya. Wa kusini? Unajua nani anakaa kusini?"

Alijua. Soko la mifugo, zahanati, na nyumba yake mwenyewe.

"Saa ngapi inafutika?"

"Saa kumi."

"Sasa ni saa nane na nusu." Sauti ya Shekue ilishuka, ikawa laini kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa. "Mimi sijasikia simu hii. Kakae kivulini. Kalale hata. Bibi yako ni mzee, watu watasahau. Kifua cha mtoto hakisahau vumbi. Nieleze mimi nimekosea wapi."

Na Halkano hakuweza kumweleza, kwa sababu Bwana Shekue hakuwa amekosea. Jambo hilo ndilo lililokuwa baya. Aliketi kivulini kweli. Aliviona vile vifua vidogo vya kusini vikipanda na kushuka. Aliiona na midomo ya Akko ikicheza bila sauti, ikilipima kila neno kabla ya kulitoa, na ikiendelea hivyo mpaka siku ya kufa, kwa kosa ambalo haikulitenda. Watoto wangeumizwa na upepo. Akko alikuwa anaumizwa na yeye, na kila dakika aliyokaa kivulini alikuwa anamuumiza upya.

Saa tisa aliinuka, akauchukua mtungi mtupu.

"Akko, twende bombani."

"Bado. Wako huko."

"Najua. Twende."

*

Bomba la Bada liko chini ya mwamba, na saa tisa alasiri ndiyo saa yake. Walikuwepo wanawake kumi na wawili, na Gumato mbele yao, mjukuu amefungwa mgongoni. Akko Dhaki alipotokea, maongezi yalikatika. Alisimama mbali, pale alipojizoesha kusimama, akatazama chini.

"Mama Darmi," Halkano alimwambia Gumato, "nina kitu nataka msikie."

"Na hicho kidude chako kinatusikiliza?"

"Leo nyinyi ndio mtakisikiliza."

Alikosa kitufe mara ya kwanza. Kisha kicheko cha Akko kikajaa chini ya mwamba. Wanawake wawili walitabasamu bila kupenda, maana walikuwa na siku nyingi hawajakisikia. *Uko kule. Uko tu.* Nyayo. Swali la kishanga. Ndege. Na ile sauti ya kiume.

Maji yaliendelea kutiririka kwenye ndoo iliyokwisha kujaa. Hakuna aliyeyafunga.

"Rudisha," alisema Gumato.

Alirudisha.

"Tena."

Alirudisha tena. Mara ya tatu Halkano alitamani ardhi ipasuke, na ardhi, kama kawaida yake, haikupasuka. Hakutazama nyuma alikosimama Akko.

"Ni mimi," alisema. "Yeye alisema *uko*. *Po* ni yangu. Nilijua maana yake, nikaisema. Halafu nikaona jina lake limeandikwa, nikanyamaza siku arobaini."

Gumato hakutukana. Halkano alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata mate, na kuyakosa kulimuumiza.

"Sasa itakuwaje na hao wa Dabelo? Mnatuambia watoto wao wanapona."

"Kazi yangu yote itasimamishwa. Upande wa kusini utangoja. Watakohoa mpaka ukungu urudi."

"Na wako?"

"Na wangu."

"Mchuma janga," alisema Gumato polepole, akimweka sawa mjukuu mgongoni, "hula na wa kwao."

Akampita. Akaenda mpaka alipo Akko Dhaki, akauchukua mtungi, akarudi nao, akasogeza ndoo yake mwenyewe na kuuweka ule chini ya bomba, wa kwanza. Hakusema samahani. Wengine pia hawakusema. Lakini mmoja wao, huku mtungi ukijaa, alimuuliza Akko kama ni kweli mjukuu wake alikuwa kikojozi kiasi hicho, na Akko, bila kuchezesha midomo kwanza, akajibu, "Wee! Mpaka miaka saba!"

Walicheka. Halkano alisimama katikati ya kicheko hicho, na hakuna aliyemtazama.

"Hamisha sauti," alikiambia kishanga.

"Sauti imehamishwa. Neno la shahidi limesahihishwa. Mwandishi Halkano Sora, maandishi mia mbili na kumi na manne yamesimamishwa."

Alikivua. Shingo ilibaki na alama nyeupe mahali uzi ulipokuwa umekaa miaka sita.

*

Hakujua aende wapi. Dabelo wangekuwa wamekwisha kuiona ramani, na nyumbani kwake kulikuwa na mtoto wa kuelezwa kwa nini barakoa yake haitavuliwa bado. Miguu ilimpeleka kule ilikozoea. Alisimama nje ya mlango wa Akko, kwenye zile nyasi, akaanza kuzing'oa moja moja, kwa kuwa mikono ilitaka kazi. Gumato alitoka baada ya kuuweka mtungi, akampita kama anavyopitwa mti.

"Nani huko?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Ni mimi, Akko."

Aling'oa nyasi nyingine.

"Nilikuuliza mimi, mchana huu huu, kama ulisikia ya kitalu," sauti ilisema. "Ukatazama majivu. Ukala uyoga wangu."

"Ndiyo, Akko."

"Mwezi mzima nimejiona kichaa."

"Ndiyo."

"Sitakusamehe leo. Usikae hapo ukingoja nikusamehe leo."

"Singoji, Akko."

Kigoda kilikwaruza sakafuni. Mzee akatokea mlangoni, ameshika nguzo, akamtazama jinsi alivyokuwa: bila kofia, bila kishanga, nyasi mikononi.

"Uko?" aliuliza.

"Niko, Akko."

"Hapana. Ya *ko* nimeichoka." Alimeza mate, na neno likatoka zima, jinsi linavyotolewa mlimani kwa mwanamke mmoja, mara moja. "Nakuuliza. Upo?"

Maisha yake yote Halkano alikuwa amelisema neno lile mara moja tu.

"Nipo," alisema, na machozi yakamtoka.

Akko Dhaki alikielekeza kidevu kwenye jiwe lililo mbele ya mlango, mahali ambapo kila mpita njia angemwona.

"Basi kaa pale. Siyo kule, pale. Nikuone."